Mtoto aliyezaliwa mdogo: kunenepa na kukua si kitu kimoja

Watoto wawili wamepimwa siku ya kuzaliwa, na mzani umesoma gramu 2,100 kwa kila mmoja. Kwenye daftari la wodi wote wataandikwa "uzito pungufu", na ni sahihi: kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani (WHO), kila anayezaliwa chini ya gramu 2,500 yumo kwenye kundi hilo. Mwaka 2020 pekee walizaliwa watoto wa aina hiyo milioni 19.8 duniani, karibu mmoja kati ya saba.

Ila mmoja wa hawa wawili kazaliwa wiki ya 34 ya ujauzito, mwenzake wiki ya 39. Wa kwanza ni njiti, lakini uzito wake ndio unaotarajiwa kwa mtoto wa wiki hizo. Alichokosa ni muda. Wa pili alipewa muda wake wote na bado hakufika. Yeye alipungukiwa akiwa bado tumboni. Namba ni ile ile, lakini historia zao ziko mbalimbali, na kwa miaka inayofuata hawatakua kwa namna moja wala hawapaswi kulishwa kwa namna moja. Wapo pia wanaobeba yote mawili, waliozaliwa kabla ya wakati na tena wadogo hata kwa wiki zao, na hao ndio wanaohitaji uangalizi mkubwa kuliko wote.

Wazazi wengi hutoka hospitali wakiwa na namba moja tu kichwani, ile ya mzani, na kuanzia siku hiyo nyumba nzima inashika kazi ya kumnenepesha mtoto. Upendo ulio nyuma ya kazi hiyo hauna shaka. Tatizo ni kwamba mzani peke yake hausemi kama mtoto anakua, na katika watoto hawa tofauti kati ya kunenepa na kukua inaweza kumfuata mtu hadi utu uzima.

Mdogo kwa kulinganishwa na nani

Ili kusema mtoto ni mdogo kuliko ilivyotarajiwa, lazima alinganishwe na watoto wa jinsia yake waliozaliwa wiki ile ile ya ujauzito. Daktari wa watoto Lula Lubchenco na wenzake wa Denver, Marekani, walichapisha mwaka 1963 chati zilizozoesha wodi nyingi kufikiri hivyo. Mwaka 2014 mradi wa INTERGROWTH-21st ulitoa viwango vipya kutokana na mama wenye afya na lishe nzuri katika nchi nane, Kenya ikiwamo. Kilichojitokeza ni jambo kubwa: mama akiwa na afya, chakula cha kutosha na huduma nzuri ya ujauzito, watoto wa pande zote hizo hukua tumboni kwa kufanana sana. Kwa hiyo pale ambapo watoto wengi huzaliwa wadogo, tusikimbilie kusema ndivyo watu wa huko walivyoumbwa.

Kwa kawaida mpaka huwekwa hivi: wapange watoto 100 waliozaliwa wiki ile ile ya ujauzito kuanzia mwepesi hadi mzito, na kumi wa mwanzo wahesabiwe kuwa wadogo kwa umri wa mimba. Madaktari wa homoni hubana zaidi. Wao huangalia wawili au watatu wa mwanzo kabisa, tena kwa uzito au kwa urefu, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na kilo zisizo mbaya lakini akawa mfupi kupita kiasi.

Mpaka huo una kasoro ambayo mzazi anapaswa kuijua. Katika wale kumi, wamo watoto wazima kabisa ambao ni wadogo kwa sababu baba na mama yao ni wadogo. Hawana ugonjwa wowote. Na nje ya wale kumi yupo mtoto aliyeumbwa awe na kilo tatu na nusu, akakwamia kwenye kilo mbili na gramu mia tisa. Chati itamwita wa kawaida, kumbe alinyimwa. Ndiyo maana wakunga hupima tumbo la mama kila kliniki, na ndiyo maana picha ya ultrasaundi ikionyesha mtoto alikuwa akikua vizuri hadi wiki ya 30 kisha kasi ikaanguka, habari hiyo ina uzito kuliko kipimo kimoja cha siku ya kuzaliwa. Kipimo cha ultrasaundi kinachosikiliza mwendo wa damu kwenye kitovu, yaani dopla, husaidia kumtenga mtoto aliye mdogo kwa asili na yule anayekosa riziki yake.

Riziki hiyo hupitia kwenye kondo la nyuma. Presha ya mimba huharibu mishipa inayolilisha, moshi wa sigara huibana, na vimelea vya malaria hujazana humo hata mama asipojisikia mgonjwa sana. Mapacha hugawana nafasi na chakula. Wakati mwingine chanzo kiko kwa mtoto mwenyewe, kama kasoro ya kromosomu, au maambukizi yaliyomfikia mapema. Lishe duni ya mama na upungufu wa damu vina sehemu yao, lakini si haki kumbebesha kila mama lawama ya chakula. Wapo waliokula vizuri siku zote, kondo likawaangusha.

Mtoto aliyekwama miezi ya mwisho unaweza kumtambua kwa macho. Kichwa kina ukubwa wa kawaida, na kwa sababu mwili umekonda kinaonekana kikubwa. Ngozi ya mapaja na makalio imelegea, imejikunja kama vile chini yake pamebaki patupu. Mbavu zinahesabika. Mwili wake ulifanya uchaguzi tumboni: chakula kilipopungua, damu ikaelekezwa kwanza kwenye ubongo, huku ini na mafuta vikisubiri. Aliyekwama mapema sana huwa mdogo kote, kichwa na urefu pia, na kwake uwezekano wa kuwafikia wenzake ni mdogo zaidi.

Kasi ya kuwafikia wenzake

Mwili wa mtoto una tabia ya kustaajabisha. Kizuizi kikiondoka, hukua kwa kasi kuliko kawaida ya umri wake mpaka urudi kwenye njia iliyokuwa yake. Andrea Prader, James Tanner na G. A. von Harnack walieleza jambo hili mwaka 1963. Kwa watoto waliozaliwa wadogo kwa umri wa mimba, kati ya 85 na 90 kwa kila 100 huingia kwenye urefu wa kawaida kabla ya kutimiza miaka miwili, na sehemu kubwa ya mbio hizo hufanyika katika miezi sita hadi kumi na miwili ya mwanzo. Walio wadogo na pia njiti huweza kuchelewa, wengine mpaka karibu na miaka minne.

Kwa hiyo kuona mstari wa mtoto huyu ukipanda na kuvuka mistari ya chati katika miezi ya mwanzo ni jambo linalotarajiwa. Swali la kuuliza ni kipi kinachopanda.

Hapa ndipo utafiti wa miaka mingi unapokuwa na utamu wake, na pia ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mwaka 1989 David Barker na wenzake walifuatilia kumbukumbu za zamani za wakunga wa Hertfordshire, Uingereza, ambako watoto walipimwa walipozaliwa na walipotimiza mwaka. Wanaume waliokuwa wepesi kuliko wote ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Uholanzi nako, watu waliokuwa tumboni wakati wa njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 walikutwa ukubwani na miili inayoshindwa kudhibiti sukari vizuri. Mwaka 1992 Barker na Nicholas Hales wakatoa hoja kwamba mtoto anayekosa chakula tumboni huupanga mwili wake kwa maisha ya uhaba: hutunza mafuta, huwa na misuli michache, na kongosho lake hujengwa kwa kubana matumizi. Figo nazo huathirika. Vichujio vyake huacha kuongezeka karibu na wiki ya 36 ya ujauzito, na aliyekwama tumboni huzaliwa na vichache ambavyo haviongezwi tena maisha yote.

Mwili uliopangwa kwa uhaba ukimiminiwa shibe, matatizo huanza. Atul Singhal na wenzake wa Uingereza waliwagawa kwa bahati nasibu watoto waliotimiza miezi tisa tumboni lakini wakazaliwa wadogo: wengine wakapewa maziwa ya kopo ya kawaida, wengine yale yaliyoongezwa nguvu na protini. Waliopewa yaliyoongezwa wakapata uzito haraka, jambo ambalo lingemfurahisha mzazi yeyote. Walipopimwa wakiwa na miaka sita hadi minane, presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao, na baadaye ikaonekana pia kwamba walibeba mafuta mengi zaidi mwilini.

Je, basi mtoto asihimizwe kukua? Hapana, na naomba msomaji asiondoke na jibu hilo. Rudi kwenye wale wanaume wa Hertfordshire. Waliokufa zaidi walikuwa wepesi si siku ya kuzaliwa tu bali hata walipotimiza mwaka mmoja. Kubaki nyuma katika mwaka wa kwanza hakukuwasaidia kitu. Mwaka 2013, timu iliyounganisha takwimu za watu waliofuatiliwa tangu kuzaliwa Brazil, Guatemala, India, Ufilipino na Afrika Kusini iliona kwamba kuongezeka urefu kwa kasi hadi miaka miwili kuliambatana na kuwa mrefu ukubwani na kwenda mbali zaidi shuleni. Kuongezeka uzito kwa kasi baada ya hapo, bila urefu kulingana nao, kulileta unene na presha bila faida hiyo ya shule. Na huko Delhi, watu wazima waliokutwa na kisukari au dalili zake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, walikuwa wembamba walipokuwa wachanga, kisha wakaanza kunenepa mapema kuliko wenzao baada ya miaka miwili. Hawakuwa watoto wanene machoni. Walivuka tu kutoka wembamba kwenda juu, haraka mno.

Nikiyaweka pamoja, naona hivi: miaka miwili ya mwanzo ni ya kumpa mtoto kila kinachojenga urefu, misuli na ubongo, na baada ya hapo macho yahamie kwenye mafuta. Mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa mdogo, ambaye sasa ana uzito sawa na wenzake kwa urefu wake, ameshafika. Kumwongezea chakula "ili afidie" ni kumdhuru.

Na njiti wetu wa wiki ya 34? Kwake mizani inaelemea upande mwingine. Ubongo wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ulitakiwa kukua kwa kasi kubwa ndani ya tumbo, na kazi hiyo sasa inafanyika nje. Alan Lucas na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba njiti waliopewa maziwa yenye virutubisho zaidi katika wiki za mwanzo walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili miaka kadhaa baadaye, hasa wavulana. Ndiyo sababu wodi huwachanganyia njiti wadogo sana virutubisho ndani ya maziwa ya mama, na ndiyo sababu ushauri alioupata mama mmoja wodini haumfai jirani yake hata kama watoto wao walilingana kwenye mzani.

Chakula, joto na subira

Katika saa na siku za kwanza hatari haihusiani na chati. Mtoto aliyekonda ana akiba ndogo ya sukari kwenye ini na mafuta machache ya kumpa joto. Anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, kisha kila baada ya saa mbili au tatu usiku na mchana, hata kwa kuamshwa. Akilegea, akitetemeka au akikataa kunyonya, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo bila kusubiri asubuhi.

Joto linahusiana na ukuaji kwa njia ya moja kwa moja: nguvu anayoitumia kujipasha ni nguvu ambayo haijengi mwili. Mwaka 1978 huko Bogotá, Edgar Rey Sanabria, kisha na Héctor Martínez, walianza kuwaweka wachanga hawa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Lililoanza kwa kukosa likawa tiba ya kweli. Utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, uliwachukua wachanga wa kilo moja hadi gramu 1,799 na kuanza huduma hii ya kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kusubiri watulie. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, ikilinganishwa na 15.7 kwa waliosubirishwa. Tangu 2022 WHO inapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku, na baba, bibi au shangazi anaweza kupokea zamu mama anapopumzika.

Maziwa ya mama ndiyo chakula cha kwanza kwa wote wawili, njiti na aliyekwama. Asiyeweza kuvuta anywe yaliyokamuliwa, kwa kikombe au kwa mrija. Faida moja isiyosemwa sana ni kwamba mtoto anayenyonya huachia titi mwenyewe akishiba. Ni vigumu kumlisha kupita kiasi. Chupa huweza kusukumwa mpaka iishe. Uji wa mapema, sukari kwenye maziwa, kumshika mtoto kwa nguvu na kummiminia kinywani, vyote hivi huongeza namba kwenye mzani kwa muda na kuvuruga hamu ya kula aliyozaliwa nayo. Madini ya chuma ni suala jingine. Akiba yake huingia mwilini zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, hivyo watoto hawa huishiwa mapema, na WHO inapendekeza wanaonyonya wapewe chuma cha nyongeza. Kiasi hupangwa na daktari kwa uzito wa mtoto.

Kusoma vipimo bila kujitia hofu

Mchanga hupungua siku za mwanzo, hata hadi asilimia 10 ya uzito, kisha huurudisha ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo, kwa aliyetimiza miezi yake, gramu 25 hadi 30 kwa siku ni mwendo mzuri katika miezi mitatu ya kwanza. Lakini kumpima kila siku nyumbani kunachosha roho bure, kwa sababu mkojo na titi lililonyonywa dakika tano zilizopita vinatosha kuficha mwendo halisi.

Njiti asomwe kwa umri uliorekebishwa mpaka afike miaka miwili. Aliyezaliwa wiki ya 32, yaani wiki nane kabla ya wakati, akitimiza miezi mitano ahesabiwe kama wa miezi mitatu hivi, kwa uzito, kwa urefu, na kwa kukaa au kugeuka. Chanjo peke yake hazirekebishwi. Hutolewa kwa tarehe ya kuzaliwa. Aliyezaliwa mdogo katika wiki ya 39 harekebishiwi chochote.

Urefu ndio kipimo kinachosahaulika, na ndicho ambacho ningekidai kila kliniki. Unahitaji ubao na watu wawili. Mmoja anashika kichwa kikigusa ubao wa juu, macho ya mtoto yakitazama juu moja kwa moja. Wa pili anabonyeza magoti taratibu mpaka miguu inyooke, kisha anasukuma kipande cha chini kiguse nyayo zilizosimama wima. Mtoto atalia, atajikunja, na mpimaji mwenye haraka ataandika chochote. Fikiria kwamba katika mwaka wa kwanza mtoto huongezeka kama sentimita 25, yaani mbili hivi kwa mwezi kwa wastani. Kosa la sentimita moja linameza wiki mbili za ukuaji. Mzingo wa kichwa upimwe pia kwa utepe usiovutika, maana ndio unaotuonyesha ubongo unavyosonga mbele. Uzito ukipanda huku urefu na kichwa vimesimama, mtoto ananenepa tu. Vitatu vikipanda pamoja, hata kama bado viko mistari ya chini, anakua.

Kati ya kila kumi, mmoja hivi atafika miaka miwili bado mfupi kupita kawaida. Huyo asiachwe kwa maneno ya "atakua tu". Daktari ataangalia kwanza magonjwa ya tumbo, figo, tezi ya shingo, na hali adimu za kurithi. Visipoonekana, kuna tiba ya homoni ya ukuaji, sindano ya kila siku kwa miaka, iliyoidhinishwa kwa watoto wa aina hii Marekani mwaka 2001 na Ulaya mwaka 2003. Ulaya huanzishwa kuanzia miaka minne. Ni ghali, inahitaji ufuatiliaji, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema kabla ya balehe.

Kwa walio wengi, waliowafikia wenzao, kinachobaki ni kumbukumbu. Kwa kawaida presha ya mtoto huanza kupimwa kila mwaka akiwa na miaka mitatu, lakini mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2017 unataka aliyezaliwa mdogo kwa umri wa mimba apimwe hata kabla ya hapo. Daktari atakayemwona akiwa na miaka kumi hatakuwa na namna ya kujua hilo kwa kumtazama. Kwa hiyo kadi ya kliniki itunzwe hata chanjo zikiisha, na ndani yake ziandikwe uzito na urefu wa siku ya kuzaliwa, pamoja na wiki ya ujauzito aliyozaliwa.